UZI: Susanne Ljungskog, bingwa wa dunia mara mbili mfululizo ambaye watu hawamtaji

Pedali Kavu:

Wakuu salama?

Toka mashindano ya dunia ya baiskeli yapite Kigali Septemba 2025 naona humu jukwaani watu wengi wameanza kufuatilia mbio za wanawake, jambo la kheri kabisa. Sasa juzi kuna mdau aliuliza ni wanawake gani waliwahi kubeba jezi ya upinde wa mvua miaka miwili mfululizo, majibu yakamiminika, Vos, Kopecky, Bronzini, bibi Longo, wote wametajwa, lakini Msweden hakuna aliyemkumbuka. Hilo limenikereketa ndo maana nimeona nifungue uzi wake peke yake, maana huyu dada namheshimu sana na nadhani hajatendewa haki.

Susanne Ljungskog amezaliwa Halmstad, mji wa pwani ya magharibi ya Sweden, Machi 1976. Akawa bingwa wa dunia wa mbio za barabarani 2002 pale Zolder, Ubelgiji, halafu 2003 Hamilton, Canada, akatetea taji. Kwa wasiofuatilia niwaeleze kwanza ugumu wake. Ubingwa wa dunia unapanda na timu ya taifa sio timu ya kampuni inayokulipa mshahara, na ni mbio ya siku moja, hakuna kusema leo nimeteleza kesho nitafidia. Ukipata pancha wakati mbaya imekula kwako mpaka mwakani. Halafu yeye ni Msweden, yaani nyuma yake hakuna jeshi. Waholanzi, Waitaliano, Wajerumani wao wanakuja na timu ambayo kila mmoja anaweza kushinda, wanapokezana kushambulia, huyu akirudishwa yule anatoka, wewe unayetoka nchi yenye wapandaji wachache inabidi uchague mwenyewe shambulio lipi ni la kweli na lipi ni la kukuchosha tu. Ukikosea mara moja umeachwa.

Na angalieni hali ya jezi yenyewe kabla yake. 1996 ilichukuliwa na Barbara Heeb, 1997 Cappellotto, 1998 Žiliūtė, 1999 Pučinskaitė, 2000 Stahurskaia, 2001 Polikevičiūtė. Miaka sita, wanawake sita tofauti, kila mwaka jezi inahama. Anakuja yeye anaichukua, na mwaka unaofuata anaondoka nayo tena. Mpinzani wako mwaka mzima anakuona na ile jezi mgongoni, huwezi kujificha kwenye kundi, ukisogea mbele kidogo tu watu ishirini wanakukamata gurudumu, yaani wanajibana nyuma yako wakingwe upepo, na bado ukashinda!

Zolder ni uwanja wa magari ya mbio, ndo palepale Gilles Villeneuve wa Formula 1 alipopata ajali iliyomuua mwaka 1982. Njia ni tambarare, wanaume wikendi hiyohiyo walimaliza kwa sprinti ya kundi kubwa na Mario Cipollini akachukua. Kwa wanawake jukwaa lilikuwa Ljungskog, wa pili Nicole Brändli wa Uswisi, wa tatu Joane Somarriba wa Hispania. Hawa wawili ni watu wa milima, wote walishaichukua Giro ya wanawake, ile mbio ya siku nyingi ya Italia. Yaani kwenye njia ya masprinta, medali zote tatu zimeenda kwa watu wanaojua kusoma mbio. Na kati ya hao watatu mwenye mguu wa haraka mwishoni alikuwa Susanne.

Hamilton ikawa kinyume, kule ni kupanda na kushuka, mzunguko wa kilomita 12.4 wanaurudia mara kumi. Akawashinda Mirjam Melchers wa Uholanzi na Nicole Cooke wa Uingereza, huyo Cooke alikuwa na miaka 20 tu na baadaye akaja kuwa bingwa wa Olimpiki. Kwahiyo tambarare kachukua, vilima kachukua.

Sasa swali langu na ndo kiini cha uzi: kwanini mtu mwenye rekodi hii jina lake halina sauti? Mimi nina jibu langu, nitaliweka kwenye komenti inayofuata maana hii ishakuwa ndefu.

Binti Mzizima:

Nimekaa pale, endelea mkuu. Mimi ni mgeni kwenye haya mambo, hiyo jezi ya upinde wa mvua ndo nini hasa? Anavaa siku ya mashindano tu au?

Pedali Kavu:

Dada karibu sana. Ni jezi nyeupe yenye mistari ya rangi tano kifuani, bluu, nyekundu, nyeusi, njano na kijani. Ukishinda ubingwa wa dunia unaivaa kila mbio ya aina hiyo mwaka mzima mpaka ubingwa unaofuata, hata ukiwa umepanda na timu yako ya kampuni. Na ukishapoteza taji unabaki na haki ya kuvaa mistari ile kwenye mikono na kola maisha yako yote ya mbio. Ndo maana mpanda baiskeli yeyote ukimuuliza ataka nini, hii jezi haikosi kwenye midomo yake.

Haya twende kwenye jibu langu.

Sababu ya kwanza ni tarehe. Mbio ya Hamilton ilikuwa Jumamosi ya 11 Oktoba 2003. Kesho yake, Jumapili ya tarehe 12, timu ya taifa ya wanawake ya Sweden ikacheza FAINALI ya Kombe la Dunia la soka dhidi ya Ujerumani kule Carson, California. Wakaenda mpaka muda wa nyongeza, Nia Künzer akapiga kichwa, goli la dhahabu, mechi imeisha 2-1 Sweden wamelala. Nchi nzima ilikuwa mbele ya tivii. Fikiria sasa, umetetea ubingwa wa dunia, jambo ambalo Msweden mwingine hajawahi kulifanya kwenye mbio hiyo, na una masaa kama ishirini na nne tu ya kusherehekewa kabla taifa lote halijageukia upande mwingine, tena si kwa furaha bali kwa machungu, na machungu ya soka mnayajua yanavyokaa. Huwa naifikiria sana wikendi hii.

Na haikuwa soka tu. Kipindi kile Sweden walikuwa na utitiri wa mastaa ambao sidhani kama nchi ya watu wachache vile imewahi kuwa nao kwa mara moja. Carolina Klüft kachukua dhahabu ya heptathlon Paris Agosti 2003, Christian Olsson kachukua triple jump palepale, Kajsa Bergqvist na Stefan Holm kwenye high jump, Annika Sörenstam mwaka huohuo kaenda kucheza gofu na wanaume kule Colonial, Texas, na dunia nzima ikamfuata na kamera, Anja Pärson kwenye ski za kuteremka mlima. Utapita wapi hapo wewe wa baiskeli, na ubingwa wako unakuja Oktoba wakati watu wanasubiri theluji na hoki?

Sababu ya pili ndo inaniuma zaidi. Alizaliwa kwenye shimo. Tour de France ya wanawake iliyoandaliwa na wenye Tour yenyewe ilikuwepo 1984 mpaka 1989, ikafa. Ikarudi 2022. Katikati hapo kulikuwa na mbio nyingine za Ufaransa zilizojaribu kushika nafasi hiyo, Grande Boucle ikajikongoja mpaka 2009, Tour de l'Aude ikafa baada ya 2010. Susanne kazi yake yote ya juu imeangukia ndani ya pengo hilo. Tour de l'Aude alishinda 2007 na 2008, mara mbili mfululizo TENA, na ile ilikuwa moja ya mbio ngumu na ndefu za wanawake duniani, siku kumi kusini mwa Ufaransa, milima na upepo. Ungemuuliza mpanda baiskeli wa wakati ule angekuambia hiyo ni heshima kubwa, ila nani aliiona? Kamera hazikuwepo.

Mzee wa Gia:

Pedali nakuheshimu ila hapa umevuta kamba upande mmoja. Kwanza nikurekebishe kidogo kuhusu mfululizo, Leontien van Moorsel alishinda 1991 na 1993 na kumbuka 1992 mbio ya wanawake haikufanyika kwa sababu ya mwaka wa Olimpiki, kwahiyo kiuhalisia naye alitetea, jezi haikumtoka. Na Longo 1985, 86, 87, halafu 89. Ila sawa, toka hapo mpaka leo ni Ljungskog, Bronzini 2010 na 2011, Vos 2012 na 2013, Kopecky 2023 na 2024. Hiyo ni meza ndogo mno na yeye amekaa, hatubishani.

Tunapobishana ni hapa. Kusema Sweden hawakumtambua sio kweli. Gazeti la Svenska Dagbladet wanatoa medali yao ya dhahabu kila mwaka toka 1925 kwa tendo kubwa kuliko yote la michezo nchini, na 2002 alipewa yeye, Susanne Ljungskog. Mwaka huo Klüft alikuwa ameshashinda Ulaya kule Munich na bado medali ikaenda kwa baiskeli. Ile sio zawadi ndogo, Wasweden wanaihesabu kama kilele. Sasa utasemaje hajatendewa haki?

Pedali Kavu:

Mzee wangu asante, la van Moorsel napokea kwa mikono miwili, na hilo la medali ni kweli kabisa. Lakini tofautisha heshima na mapenzi. Medali ile inatolewa na kamati, watu wachache wanaojua michezo wamekaa mezani wakapima, wakaona hii ya Zolder ndo kubwa. Wajuzi walimwona toka siku ya kwanza, hilo sikatai na linaniongezea hoja. Mimi nazungumzia mama wa Sundsvall asiyejua gia ya mbele na ya nyuma, je anamjua? Umaarufu unakaa hapo.

Na ushahidi wangu ni Emma Johansson. Nilitaka kumleta mwishoni ila umenilazimisha.

Emma amezaliwa 1983 Sollefteå, kaskazini huko kwenye misitu na ski. Hajawahi kushinda ubingwa wa dunia. Alichukua shaba 2010 Geelong, fedha 2013 Florence nyuma ya Vos, shaba 2014 Ponferrada. Olimpiki fedha Beijing 2008, fedha Rio 2016. Mtu wa podium. Kwa makaratasi Susanne anamzidi, dhahabu mbili za dunia kwa sifuri. Lakini kwa kuimbwa na watu nathubutu kusema Emma kampita mbali, na sababu ni Olimpiki.

Nyarugenge Juu:

Mimi nilikuwa barabarani Kigali ile siku ya wanawake, naweza kuchangia kidogo kuhusu hili la kupendwa. Watu waliokuja kuona hawakuwa wanajua majina. Walikuja kwa sababu mbio imepita mlangoni kwao. Magdeleine Vallieres wa Canada alivyoshinda, wa pili Niamh Fisher-Black, wa tatu Mavi García, kesho yake watoto mtaani kwetu walikuwa wanalitamka jina la Vallieres kama la jirani. Asubuhi yake hata sisi tunaofuatilia hatukumpa nafasi. Kwahiyo naungana na mleta uzi, mtu anampenda aliyemuona kwa macho. Nauliza tu, huyu Ljungskog nyumbani kwao hawakuwa na mbio kubwa ambayo Wasweden wangemuona akipita?

Pedali Kavu:

Swali zuri sana hili ndugu yangu. Jibu ni Vårgårda.

Vårgårda ni mji mdogo magharibi mwa Sweden, si mbali na Göteborg, na kwenye baiskeli ni mahali patakatifu. Kule ndo kwao ndugu wanne wa Fåglum, Gösta, Sture, Erik na Tomas Pettersson, mtu na kaka yake wa damu, wote wanne walikuwa mabingwa wa dunia wa mbio ya timu dhidi ya saa 1967, 1968 na 1969, na fedha ya Olimpiki Mexico. Gösta akaja kushinda Giro d'Italia 1971. Sasa mji huo ndo ukaanzisha mbio ya Kombe la Dunia ya wanawake, ya WANAWAKE nasisitiza, ikaanza 2006. Susanne alikuwa ana miaka 30 tayari, mataji yake mawili yameshapita. Yaani mlango wa nyumbani umefunguliwa wakati jezi imeshamtoka. Kila kitu kwake kilikuja kabla au baada.

Emma yeye Vårgårda ilimkuta akiwa kwenye ubora wake, Wasweden wakapata nafasi ya kumuona akipita mbele ya macho yao. Mimi nadhani hilo nalo limemweka moyoni mwa Wasweden.

Mama Teddy:

Naishi huku Sweden miaka mingi sasa, nimeona uzi nikasema niweke neno. Wasweden baiskeli wanaipenda kupita maelezo ila wanaipenda kwa kupanda WENYEWE. Kuna kitu kinaitwa Vätternrundan, kinaanzia Motala mwezi wa sita, watu wanaizunguka ziwa Vättern, zaidi ya kilomita 300, wengine wanaondoka usiku wanapanda mpaka kesho yake, wapo maelfu kwa maelfu, madaktari, walimu, mafundi bomba, wastaafu. Ilianza 1966. Na wanawake waliwekewa yao, Tjejvättern, kilomita 100. Kazini kwetu wanaanza kuongelea mazoezi toka mwezi wa pili theluji ipo. Lakini hao hao waulize nani kashinda mbio gani wikendi hii hakuna anayejua, wao kwenye tivii ni ski, hoki, soka, riadha.

Sasa kuhusu Susanne, mwanamke mwenzangu mmoja tunayefanya naye kazi, mtu wa Halland, mkoa wa kwao Susanne, anamjua vizuri na anamzungumzia kwa fahari ya mtu wa kwao. Ukitoka Halland ukaenda kwa wengine wanasema jina nimelisikia. Emma wanamkumbuka moja kwa moja na wanakwambia Rio, kule ufukweni. Kwahiyo mleta uzi yupo sahihi kwa ninavyoona mimi huku.

Kisumu Ndogo:

Niaje wadau. Hiyo Rio niliiangalia live, si mchezo kabisa. Yule Mmarekani Mara Abbott alikuwa peke yake mbele wakiingia Copacabana, na ni mwembamba mtu wa kupanda mlima, flat haimfai, na nyuma watatu wanapokezana, Anna van der Breggen, Emma na Elisa Longo Borghini. Wakamshika zimebaki chini ya mita 200 kufika mstari. Aki nilimhurumia. Na hapo nyuma kwa mteremko wa Vista Chinesa Annemiek van Vleuten alikuwa anaongoza akaanguka vibaya, watu walidhani amekufa. So Emma kupata silver siku kama hiyo na miaka 32, na vile alifurahi pale podium, hakuwa na sura ya mtu amepoteza gold. Mimi toka hiyo siku ni fan.

Mzee wa Gia:

Kisumu umenikumbusha, na Beijing nayo isipite hivihivi. Agosti 10, 2008, mvua kubwa, wanapanda kuelekea Ukuta Mkuu. Watano walichomoka, Cooke, Emma, Tatiana Guderzo, Christiane Soeder na Linda Villumsen. Kona ya mwisho Cooke akaichukua polepole kwa sababu alikuwa na tairi nyembamba za kukimbilia na barabara inateleza, ikafunguka nafasi, watu wakadhani amekwisha, halafu akafumuka kutoka nyuma akawapita wote. Emma wa pili, Guderzo wa tatu. Sasa unganisheni na hoja ya umaarufu. Sweden walitoka Beijing BILA dhahabu hata moja. Fedha zao chache ndo zilikuwa kila kitu, na mbili kati ya hizo ni za barabara, Emma na Gustav Larsson kwenye mbio dhidi ya saa. Ukiwa na fedha kwenye nchi isiyo na dhahabu mwaka huo, wewe ndo sura ya mbele ya gazeti. Susanne na dhahabu yake Hamilton alikutana na mwaka ambao dhahabu zilikuwa zinaokotwa. Hapo Pedali nakubaliana nawe moja kwa moja, sikuwa nimeliangalia kwa upande huo.

Binti Mzizima:

Nawasoma kwa makini sana. Swali jingine. Susanne hakuwahi kwenda Olimpiki? Na hawa walikuwa wanalipwa?

Pedali Kavu:

Alienda. Athens 2004 alifika akiwa bingwa wa dunia wa wakati huo, matarajio yote mabegani. Siku ile Sara Carrigan wa Australia akachukua dhahabu, Judith Arndt fedha, Olga Slyusareva shaba. Susanne hakupata medali. Kama ingekuwa ile siku ya Athens amefika hata wa tatu, nina hakika tusingekuwa na uzi huu, maana Olimpiki ndo mbio pekee ya baiskeli ya wanawake ambayo mtu wa kawaida kipindi kile aliweza kuiona mwanzo mpaka mwisho kwenye tivii ya taifa lake. Mabingwa wa kila mwaka wanapimwa kwa siku moja ya kila miaka minne, na mimi naona sio haki. Beijing ndo Emma akaja kuufungua ule mlango.

Malipo, dada, ndo kidonda. Mshahara wa kima cha chini kwa timu za daraja la juu za wanawake umewekwa 2020, euro 15,000 kwa mwaka, na ukapanda miaka iliyofuata. KABLA ya hapo hakukuwa na kima cha chini. Kwahiyo kizazi cha Susanne, mtu alikuwa anaweza kuwa kwenye timu nzuri, anasafiri Ulaya nzima, analala hoteli za bei rahisi, anarudi nyumbani hana kitu. Yeye kama bingwa bila shaka alipata cha kumtunza, lakini wale waliokuwa wanamkatia upepo, wanaompelekea chupa za maji, wanaojichosha kilomita 80 ili yeye afike mwisho na miguu mibichi, wengi walipanda kwa mapenzi tu. Ukiona bingwa wa kipindi kile ujue nyuma yake kuna wanawake waliojitolea kweli.

Kitu kingine kinachonifurahisha, Mirjam Melchers, yule aliyemshinda Hamilton, baadaye walikuja kupanda timu moja ya Kiholanzi, Flexpoint. Huyu kakunyima jezi ya ndoto zako halafu mnakaa basi moja, na mnafanyiana kazi. Mbio za baiskeli zina hiyo.

Kisumu Ndogo:

Swali langu ni moja tu, kati ya hao wawili nani mkali zaidi. Toeni jibu bila kuzunguka.

Mzee wa Gia:

Emma. Kwa urefu wa kazi. Angalia msururu wa mbio alizoshinda, Omloop Het Nieuwsblad 2010 na 2011, Trofeo Binda 2014, Thüringen 2013 na 2015, Emakumeen Bira kule Basque zaidi ya mara moja, na kila mwaka karibu kila mbio kubwa yupo kwenye watano wa mwanzo. Flanders 2016, ile mbio kubwa ya Ubelgiji, alichomoka na Lizzie Armitstead wa Uingereza, wakaja wawili mpaka mstarini, Armitstead akamzidi kwa upana wa tairi. Kizazi cha Emma kilikuwa na Vos, van der Breggen, van Vleuten, Armitstead, Longo Borghini. Kushindana na hao miaka karibu kumi bila kushuka ni kazi.

Pedali Kavu:

Mimi Susanne, na simung'unyi maneno. Emma ni mpandaji wa ajabu na nampenda, lakini mbio ina mstari na mstari una wa kwanza. Mara mbili Susanne alifika kwenye zile mita mia mbili za mwisho ambapo mapafu yanawaka na kila aliyebaki ni hatari, na mara zote mbili akatoka wa kwanza, kwenye njia mbili zisizofanana. Kujua lini uanze sprinti, usianze mapema ukafa, usichelewe ukafungiwa, ile ni akili na ni ujasiri, sio mguu tu. Emma alikosa hicho kipande kidogo, Beijing, Florence, Rio, Flanders. Hiyo haimpunguzii utu wala bidii, ila tukiulizana nani mkali, mkali ni anayemaliza.

Na halafu tuseme ukweli, njia aliyopita Emma ilikuwa imeshafyekwa. Msichana wa Sollefteå mwaka 2002 alikuwa na miaka 19, anaona Msweden anavaa upinde wa mvua. Kabla ya hapo angemtazama nani? Bernt Johansson alichukua dhahabu ya Olimpiki Montréal 1976, Tommy Prim kawa wa pili Giro 1981 na 1982, wote wanaume na wote wa zamani.

Mama Teddy:

Naomba na Jenny Rissveds asisahaulike jamani, najua yeye ni wa mountain bike sio barabara ila ukizungumzia kupendwa huku ndo yeye sasa hivi. Dhahabu ya Rio akiwa binti wa miaka 22, halafu akasema wazi kwamba anaumwa sonona, akaacha mbio, akarudi taratibu, shaba Paris 2024, na 2025 bingwa wa dunia. Watu huku wanampenda kwa ule ukweli wake kuliko hata medali. Susanne na Emma wakati wao hakukuwa na nafasi ya mwanamichezo kuongea hivyo.

Pedali Kavu:

Nakazia, hilo limenigusa, na ni mtu wa Falun kama sikosei njia, mji wa ski huo nao umetoa mtu wa baiskeli.

Kwa wanaoniuliza inbox waanze kuangalia nini: tafuteni kilomita 20 za mwisho za Rio 2016 wanawake, halafu Flanders 2016 sprinti ya Armitstead na Emma, halafu mzunguko wa mwisho wa Hamilton 2003. Ukiangalia Hamilton usimwangalie anayevuta mbele, mwangalie Susanne anavyokaa kwenye gurudumu la mwenzake na hatumii nguvu hata tone mpaka inapobidi.

Nyarugenge Juu:

Na mbio za Vårgårda bado zipo? Nataka kufuatilia mwaka huu.

Pedali Kavu:

Hapana ndugu, 2022 ndo ilikuwa ya mwisho, Audrey Cordon-Ragot wa Ufaransa alishinda, baada ya hapo ikatoka kwenye kalenda. Inaniuma sana hiyo, mbio ya wanawake iliyodumu miaka yote hiyo kwenye mji mdogo vile, kipindi ambacho tivii ndo zimeanza kuonyesha wanawake, ndo ikaondoka.

Cha kufuatilia ni ubingwa wa dunia Septemba 2026, unakwenda Montréal. Vallieres anatetea jezi yake nyumbani kwao, na Wasweden nao watakuja na timu ndogo kama kawaida yao, kwenye nchi iliyowapa dhahabu ya Bernt Johansson 1976 na ya Susanne 2003. Nitafungua uzi wa siku ya mbio, mwenye kujua njia ya kuiangalia bure aje atuwekee mapema.